Kifuniko na Neno

Vitabu vya watoto wadogo vyenye vifuniko vya kufunua na matundu ya kutia kidole, wazee wengi huviita michezo. Mimi siviiti hivyo, wala sivisifu vyote.

Si vigeni. Robert Sayer alichapa vya kufunua London mwaka 1765. Na mwaka 1980 Mwingereza Eric Hill alitoa kitabu cha mama mbwa anayemtafuta mwanawe (kwetu Pwani angalifaa zaidi paka). Kitabu chauliza kama yumo humu au mle, mtoto afunua, ajibu mwenyewe. Swali ndilo uzuri wake. Kasoro yake ni kuwa mtoto aweza kukimaliza bila kusoma herufi hata moja.

Sasa tazama huku Mara. Mtoto wa Butiama husema Kizanaki nyumbani, wa Bunda Kijita au Kiikizu, na vijijini Musoma Kijita au Kikwaya. Kisha darasa la kwanza lasomeshwa kwa Kiswahili. Akipewa maneno matupu hukariri sauti kama kasuku, naye huhesabiwa kuwa ajua kusoma. Hiyo ni dhuluma, ingawa haina kelele. Marehemu Mwalimu Nyerere aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 na Kizanaki chake, na mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Shakespeare kwa Kiswahili. Lakini si kila mtoto ni Nyerere.

Basi nakipima kitabu hivi: juu ya kifuniko paandikwe "kuku", na ndani awemo kuku. Mtoto asome, aseme, ndipo afunue. Picha itamsahihisha bila fimbo. Mchoraji akiweka picha nje na neno ndani, amelitoa jibu kabla ya swali. Navyo vya simu, vinavyotamka kila neno likiguswa, humwachia mtoto kazi ya kidole tu. Siukatai umeme: Tanga, 2017 hadi 2019, watoto wa vijijini walipewa vishikwambi vya masomo ya Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE, wakajifunza kusoma. Ila masomo yale yaliwataka wajibu.

Chuoni mtoto hushika kijiti, akaonyesha herufi, akatamka, mwalimu akamsikiliza. Huko ndiko kushirikishwa, na hakuna duka linalokuuza.

Ama kitabu chenyewe si lazima kinunuliwe. Boksi la sabuni, mkasi na gundi ya unga wa ngano vyatosha, na mtoto wa darasa la nne aweza kumkatia mdogo wake vifuniko jioni moja.