Hatukuruka waya, tulianguka

Bandugu, kuko mawazo moja tunarudilia sana tangu tukiwa ku chuo: ati Afrika iliruka telefone ya waya, ikaingia moja kwa moja mu simu ya mukononi na intaneti, na hayo ndiyo maendeleo. Mimi naona hiyo sifa inaficha mambo.

Kwanza, hatukuruka. Jimbo letu liliitwa Shaba mpaka 1997, na mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400.000 za mukuba kwa mwaka. Lakini rezo ya waya za mukuba ya OCPT, leo SCPT, ilianguka. Telecel ilipoanza Kinshasa mwisho wa ile miaka, ilikuwa ya wenye pesa. Huku ndani batu balienda ku foni: redio, batri ya gari, na kila mutu pale anasikia habari ya familia yako.

Pili, waya ya mukuba ilikuwa na kitu tunasahau: ilibeba umeme wake yenyewe. Santrali ilituma volti karibu 48, na ilikuwa na batri zake. Kura ikikatika ku nyumba, telefone inaendelea. Telefone ya intaneti inaomba modemu, na modemu inaomba kura. Ndiyo maana Uingereza walisogeza tarehe ya kufunga ile rezo mpaka Januari 2027: kuko wazee wanaotegemea kengele za dharura nyumbani. Ufaransa wamepanga kumaliza 2030. Wao wanabishana juu ya kitu gani kitabaki kura ikikatika. Sisi hakuna mutu alituuliza.

Tatu, intaneti inaweza kufungwa kwa amri. Kisha uchaguzi wa 30 Desemba 2018, ilikatwa kwetu mpaka 19 Januari 2019. WhatsApp kimya, lakini kupiga simu ya kawaida kuliwezekana. Muchuuzi wa samaki wa Pweto mwenye unite aliweza kuuliza bei ya Lubumbashi. Mwenye mega tu, angojee.

Siseme turudishe waya. Inaibiwa, inaoza, na haibebi data nyingi. Lakini mulimaji mwenye akili hang'oi muhogo wote juu ameona mbegu mupya ya mahindi. Muhogo unamungojea mu udongo mwaka mvua ikikosa.

Kwa hiyo sisi wa licence, wakituletea muradi wa kuweka kituo cha afya ao koperative yote ku intaneti, tusipige makofi mbele ya kuuliza: kura itatoka wapi? Batri itabeba saa ngapi? Na intaneti ikikatika, njia ya pili ni gani? Muradi wenye hauna jibu ya hiyo ya tatu, haujaiva.