Lugha ya Askari wa Mahandakini katika Le Feu

Neno handaki, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kwa asili ni shimo refu lichimbwalo ili kumzuia adui asiufikie mji; ndivyo lilivyotumika Madina katika mwaka 627. Katika vita vya 1914–1918 shimo hilo liligeuka kuwa makao ya watu. Kutoka mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini, mwendo wa kilomita 700 hivi, askari walikula, walilala, waliugua na kufa ndani yake.

Henri Barbusse alikuwa mtunzi wa umri wa miaka 41 alipojitolea kuwa askari wa miguu katika jeshi la Ufaransa mwaka 1914. Kitabu chake Le Feu, yaani Moto, kilitoka mwaka 1916, vita vikiwa bado vinaendelea, kikapata tuzo ya Goncourt mwaka ule ule. Wengi wamekisifu kwa kufichua mashaka ya vita. Sifa hiyo ni ya haki, walakini haifiki kwenye kiini. Nguvu ya kitabu hiki haimo katika ngurumo za mizinga, bali katika mambo madogo ya kila siku na katika majina ambayo askari wenyewe waliyapa.

Humo twaona watu waliojifunga ngozi za wanyama na matambara ili kuikinga baridi; twawaona wakijikuna chawa, wakikingoja chakula kilichochelewa, wakizama katika matope yasiyokauka. Sura moja nzima imetengwa kwa ajili ya mzigo wa askari na vitu alivyovijaza mifukoni. Sura hiyo huitwa Le Barda. Katika lugha ya kambini barda ni mzigo wote wa askari. Lakini asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya tandiko la mnyama. Aliyelitumia kwanza kwa mzigo wake mwenyewe alikwisha kutoa hukumu juu ya hali yake, bila ya kuhutubu.

Neno hilo halikuwa peke yake. Askari wa Ufaransa walitoka Afrika ya Kaskazini na toubib, ambaye ni tabibu, na caoua, ambayo ni kahawa. Barbusse aeleza kwamba wenzake, waliotoka majimbo na kazi mbalimbali, waliunganishwa na usemi mmoja uliochanganya lugha ya karakana, ya kambi na ya vijijini. Katika sura nyingine askari Barque amwuliza msimulizi kama atayaandika matusi yao jinsi yalivyo, au atayasafisha. Ajibiwa kwamba yataandikwa, kwa kuwa ndiyo kweli.

Ahadi hiyo haikutimizwa hadi mwisho. Katika sura ya mwisho, gharika imeyafunika mahandaki na waliosalia wanajadiliana juu ya vita na usawa wa watu. Hapo sauti zao zaanza kufanana, na fikira zao zapangika kama hotuba. Jean Norton Cru, aliyekuwa yeye mwenyewe askari wa mahandakini, alimshutumu Barbusse vikali katika Témoins, mwaka 1929, kwa kutia chumvi. Lawama iliyo nzito zaidi ni hii: mtunzi aliyewapa watu ndimi zao mwishowe aliwaazima ulimi wake.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa Kiswahili. Atakayekitafsiri kitabu hiki kwa lugha ya vitabu pekee atatoa maandishi safi yenye watu bubu. Kiswahili cha kambini kilichosemwa katika King's African Rifles kilidharauliwa na wengi kuwa ni lugha iliyovunjika. Hata hivyo, watu walioagizwa, walioumwa na walioomba maji kwa lugha hiyo walikuwa wazima wa akili na wenye mengi ya kusema. Wapagazi wa vita vile vile katika Afrika ya Mashariki wametuachia jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Maneno yao mengine yalihifadhiwa kwa uchache sana. Mfasiri anapochagua msamiati wake, basi, haamui juu ya ufasaha tu. Aamua ni nani atakayesikika.