"Barracoon": Haki ya Msimulizi na Lugha Yake

Kitabu cha Zora Neale Hurston kiitwacho "Barracoon" kilikamilika katika mwaka wa 1931, lakini hakikupigwa chapa mpaka mwaka wa 2018, yaani miaka 58 baada ya kufariki kwake mwandishi. Sababu moja kubwa ya kukawia huko ilikuwa lugha. Kampuni ya Viking ilikuwa radhi kukifikiria, kwa sharti kwamba maneno ya mzee anayesimulia yageuzwe kuwa Kiingereza cha vitabuni. Hurston alikataa. Kukataa huko ndiko kunakokifanya kitabu hiki kistahili kuchunguzwa na wataalamu wa lugha, hata walio mbali na Marekani, maana ndani yake mna swali ambalo kila mkusanyaji wa masimulizi hana budi kulijibu: habari ikishatoka kinywani mwa mwenyewe, huwa ni ya nani?

Msimulizi ni Oluale Kossola, aliyejulikana Marekani kwa jina la Cudjo Lewis. Alizaliwa katika nchi ya Wayoruba. Alipokuwa kijana wa miaka kama 19, mji wao ulivamiwa na majeshi ya mfalme wa Dahomey, naye akapelekwa pwani, Ouidah, akauzwa. Huko alifungwa pamoja na wenziwe katika banda la mateka, na banda hilo ndilo lililokipa kitabu jina. Katika mwaka wa 1860 merikebu Clotilda iliwachukua watu kama 110 hadi Mobile, Alabama, ingawa kuingiza watumwa Marekani kulikuwa kumekwisha kukatazwa kwa sheria tangu mwaka wa 1808. Kossola alitumikishwa miaka mitano na nusu. Uhuru ulipopatikana katika mwaka wa 1865, yeye na wenziwe walitaka kurudi kwao, lakini walikosa nauli. Basi walinunua ardhi, wakajenga makao yao wenyewe, yakaitwa Africatown.

Mambo hayo yangaliweza kuelezwa kwa kurasa chache, yakipangwa kwa tarehe. Kossola hakutaka hivyo. Alipoombwa atoe habari zake, alianza na babu yake, kisha baba yake. Na alipohimizwa ajifikie mwenyewe, jawabu lake lilikuwa kwamba haifai kumtaja mwana kabla ya baba. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, aliyezoea kuona habari za miji na koo zikifunguliwa kwa nasaba, jawabu hilo si geni. Mtu hujulikana kwa waliomzaa, na mtumwa ni mtu aliyenyang'anywa hao waliomzaa. Kwa hiyo kuanza na babu hakukuwa kuzungusha maneno. Kulikuwa ndiyo hoja yenyewe.

Sifa ya Hurston ni kwamba hakuukata mwanzo huo, wala hakuuficha ukimya. Siku nyingine mzee hakutaka kusema. Alikuwa na bustani ya kupalilia, au ua wa kutengeneza, na mgeni alirudi mikono mitupu. Siku hizo nazo zimeandikwa. Limeandikwa tikiti walilokula pamoja, na machozi ya mzee alipoitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Msomaji huona kwamba masimulizi haya hayakuchotwa kama maji ya kisima, yalingojewa.

Hata hivyo kitabu kina kasoro zake. Hurston huyaandika maneno ya Kossola kwa maendelezo yanayofuata matamshi, huku maneno yake mwenyewe yakifuata maendelezo ya kawaida. Kila msemaji wa Kiingereza, angeandikwa kwa sikio kali namna hiyo, angeonekana wa ajabu. Lakini hapa ni mmoja tu aliyeandikwa hivyo. Nguvu ya lugha ya Kossola haimo katika herufi zilizodondoshwa, bali katika mpango wa sentensi, katika maneno yanayorudiwa, na katika namna anavyoukabili msiba kwa maneno machache. Hayo yangalibaki hata maendelezo yangalipunguzwa ukali. Tena, dai kwamba Kossola ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya waliokuja na Clotilda haliwezi kusimama leo: alifariki katika mwaka wa 1935, hali Redoshi aliishi hadi 1937, na Matilda McCrear hadi 1940.

Kuna na jambo zito zaidi. Makala aliyoitoa Hurston katika mwaka wa 1927 juu ya mzee huyu ilichukua mengi katika kitabu cha Emma Langdon Roche cha mwaka wa 1914, bila ya kumtaja ipasavyo. Lakini Hurston alirudi kwa mzee, akakaa, akasikiliza. Tofauti ya makala ile na kitabu hiki ni tofauti ya habari juu ya mtu na habari ya mtu.

Afrika ya Mashariki inao mfano wa kulinganisha. Katika mwaka wa 1887 A. C. Madan alitoa kitabu "Kiungani", chenye habari za vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Unguja. Vijana waliziandika kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Matukio yamehifadhiwa, lakini Kiswahili cha vijana wale, pamoja na athari za lugha za kwao, hakisikiki humo. Na katika mwaka wa 1930, mwaka mmoja kabla ya kukamilika kwa "Barracoon", iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kuvisawazisha vitabu vifuate Kiswahili sanifu. Kazi hiyo ilikuwa na faida kwa shule. Lakini sheria ya kitabu cha shule haifai kutumiwa juu ya masimulizi ya mzee wa Pemba au wa Mtang'ata.

Husemwa kwamba kusimulia huponya. Kossola hakuponywa: mkewe na watoto wao wote sita walimtangulia. Alichotamani ni kwamba maneno yake yafike kwao, ili watu wajue yaliyompata. Mkusanyaji anayetaka kutimiza wasia wa namna hiyo na apige chapa maneno kama yalivyosemwa, na tafsiri au usanifishaji uwekwe kando yake, wala usikalie mahali pake.