Usemi na Ukimya katika Mchezo wa Left 4 Dead

Mchezo wa video uitwao Left 4 Dead ulitolewa mwezi wa Novemba 2008 na kampuni ya Valve ya Marekani, baada ya kubuniwa na studio ya Turtle Rock chini ya uongozi wa Mike Booth. Habari yake yaelezeka kwa maneno machache. Maradhi yameenea katika jimbo la Pennsylvania, na walioambukizwa wamegeuka mazombi wenye mbio na hasira. Watu wanne hawakudhurika: Bill, askari mzee aliyepigana Vietnam, Zoey, mwanafunzi wa chuo, Louis, mfanyakazi wa ofisi aliye bado na tai shingoni, na Francis, mpanda pikipiki mwenye chale za wino mikononi. Hao huendeshwa na wachezaji wanne, kila mmoja kwenye mashine yake, na kazi yao ni kutoka chumba kimoja cha usalama hata kingine, wakipiga risasi njiani, mpaka wafike mahali pa kuokolewa. Kwa atazamaye kwa mbali, jambo hilo ni damu na kelele tu, wala hapana ajabu kwamba wataalamu wa lugha aghalabu hawalitupii jicho.

Walakini jina lenyewe lina hila inayowahusu. Tarakimu ya 4 kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na kiunganishi chenye maana ya “kwa ajili ya”, hata asikiaye husikia habari ya walioachwa wafe, na asomaye huona habari ya wanne waliobaki. Kwenye jalada mna picha ya mkono uliokatika kidole gumba, vikabaki vidole vinne. Hila hii haifasiriki kwa Kiswahili, lakini yaonyesha tangu mlangoni kwamba watungaji walijua kuwa maneno nayo ni zana ya kazi yao. Na dai la uhakiki huu ni kwamba katika mchezo huu maneno ni zana kubwa kuliko bunduki. Mpaka uliowekwa kati ya mtu na zombi si uhai na mauti, kwa maana walioambukizwa ni wagonjwa walio hai. Mpaka ni usemi.

Kanuni kuu ya mchezo yaeleweka upesi kwa msemaji wa Kiswahili, kwa sababu sarufi yake inayo tayari. Kitenzi kuokoa chaweza kupokea -ji- kikawa kujiokoa, ama kupokea -ana kikawa kuokoana. Left 4 Dead, katika saa ya hatari, imelifuta umbo la kwanza. Mchezaji aliyerukiwa na zombi aitwaye Hunter, yaani mwindaji, au aliyenaswa kwa ulimi mrefu wa yule aitwaye Smoker na kuburutwa, hana la kufanya ajinasue. Huraruliwa mpaka mwenziwe aje. Aliyeangushwa hulala chini akipiga bastola, wala hasimami mpaka ainuliwe kwa mkono wa mwingine. Aliyekufa hutokea baadaye nyuma ya mlango uliofungwa, akiita, na mlango huo hufunguliwa na wenzake. Mahali pamoja tu umbo la -ji- limeachwa kwa uwazi, napo ni katika sanduku la dawa. Kila mmoja huchukua lake, naye aweza kujitibu au kumtibu mwingine. Hapo sheria imenyamaza na tabia ya mtu hujitokeza. Mchezaji aliye na jeraha dogo akijitibu mbele ya mwenziwe achechemeaye, hapana atakayemwadhibu, lakini wote watatu wamemwona.

Basi, asiyeweza kujiokoa hana budi kusema. Usemi katika mchezo huu una matabaka mawili. La kwanza ni la wachezaji wenyewe, ambao huzungumza kwa vipaza sauti, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. La pili ni la wahusika. Bila kuamriwa na mchezaji, Louis hutangaza kwamba anajaza risasi. Zoey hutaja zombi aliyesikika nyuma ya ukuta. Bill huwahimiza wenzake waendelee. Maneno hayo yalirekodiwa kwa wingi, na programu huyachagua kwa kupima hali: ni nani aliye karibu, ni mahali gani, msemaji ameumia kiasi gani, ni kitu gani kilichotokea punde. Kwa hiyo mchezaji husikia mdomo wa mhusika wake ukisema neno ambalo yeye hakulisema, na aghalabu neno hilo ndilo alilokuwa karibu kulitamka.

Mtu akiyagawa maneno hayo kwa kazi zake, atapata mafungu machache sana. Kuna kutaja hatari, kuna kuomba, kuna kushukuru, kuna kutaka radhi. Kutaka radhi kuna nafasi yake kwa sababu risasi za mchezo hazibagui. Apigaye bila kuangalia humjeruhi mwenziwe, na aliyejeruhiwa hulalamika papo hapo kwa sauti ya mhusika wake, hata kama mchezaji mwenyewe ni mpole. Hapana hotuba, hapana masimulizi marefu. Hata mzaha umewekwa uwe mfupi: Francis huwaita mazombi kwa jina la wanyonya damu, na wenzake humsahihisha. Huu ni usemi wa mabaharia katika tufani, ambao kila neno lake huvuta kamba fulani. Waandishi wengi wa tamthilia wangefaidika kuusikiliza kwa saa moja.

Masimulizi yamehamishiwa kutani. Katika vyumba vya usalama kuta zimejaa maandishi ya watu waliopita: ujumbe kwa ndugu waliopotezana, majina ya waliokufa na tarehe zao, maelekezo ya njia, na ugomvi wa watu ambao hawakuonana. Mtu ameandika kwa hekima ya kukopa kwamba majitu halisi ni sisi wenyewe, na wengine wamepita baada yake wakamkejeli. Mzaha huo ni wa haki. Wakati huohuo mchezaji, aliyekuja chumbani kuchukua dawa na risasi, amekutana na mji mzima uliokuwa ukizungumza kabla yake na sasa umenyamaza. Kwa hakika kuta hizi ndizo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote.

Mazombi kwa upande wao wana sauti na hawana usemi. Smoker hukohoa, Boomer hutoa sauti ya tumbo lililojaa maji, Hunter huguruma kabla ya kuruka. Sehemu ya sauti hizo zilitolewa kwa koo la mwimbaji Mike Patton, na yafaa kusemwa kwamba ni koo la mtu, wala si la mnyama wala la mashine. Mchezaji mzoefu hujifunza sauti hizi kama mwanafunzi ajifunzavyo fonimu za lugha ngeni: mwanzoni ni kelele moja, baadaye hutengana, na mwishoni husikika hata katikati ya mlio wa bunduki. Pamoja na hayo kuna programu ambayo watungaji waliipa jina la Mwongozaji, ambayo hupima msongo wa wachezaji, ikaongeza mazombi, kisha ikawapumzisha. Sifa zake zimeenezwa sana na hazihitaji kurudiwa hapa, ila jambo moja: ni katika utulivu huo baada ya dhoruba ndipo wahusika hupata nafasi ya kusemezana.

Neno zombi lenyewe lina safari, na mchezo huu ni kituo kimoja cha safari hiyo. Wataalamu hawajaafikiana juu ya asili yake, lakini wengi hulihusisha na lugha za Kongo, ambako nzambi ni jina la Mungu na mvumbi ni maiti. Msemaji wa Kiswahili asikimbilie kuliunganisha na mzimu, kuzimu na zimwi. Mfanano wa sauti ni wa bahati, na shina -zimu lina ukoo wake mwingine katika lugha za Kibantu. Hata hivyo ulinganisho wa mambo yenyewe wafaa. Zimwi la hadithi za pwani husema. Huuliza maswali, huweka masharti, hudanganyika kwa wimbo wa mtoto; na methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha yachukulia kwamba baina ya mlaji na mliwa kuna kujuana. Zombi hamjui mtu. Hapana neno la kumdanganyia.

Lakini hakuanza hivyo. Huko Haiti, ambako watu wa Kongo walipelekwa kwa maelfu kulima miwa chini ya mjeledi, zombi alikuwa maiti iliyoamshwa na mchawi ili imfanyie kazi shambani, bila ujira, bila hiari, bila kauli. Hakula mtu. Aliyestahili kuogopwa alikuwa bwana wake, na hofu kubwa ya mtu haikuwa kuumwa na zombi bali kufanywa zombi. Ilisemwa kwamba akionja chumvi hupata fahamu akarudi kaburini kwake. Marekani iliikalia Haiti tangu 1915 mpaka 1934, na katika muda huo zombi akasafirishwa: kitabu cha William Seabrook kilitoka 1929, na filamu ya White Zombie ikafuata 1932, ikiwaonyesha mazombi wakisukuma mashine ya kusaga miwa. Hapo bado mtumwa aonekana. Mwaka wa 1968 George Romero alitengeneza, huko Pennsylvania magharibi, Night of the Living Dead, filamu ambayo wafu wake hula watu, na ambayo haikutumia neno zombi. Neno hilo walipewa baadaye na watazamaji. Shujaa wake, aliyechezwa na Duane Jones, mtu mweusi, anastahimili usiku kucha kisha anapigwa risasi asubuhi na wawindaji wa wafu walipomwona dirishani. Hakuulizwa jina, wala hakuwahi kusema neno.

Left 4 Dead imeirithi Pennsylvania ya Romero, na kosa lake kubwa liko hapa: imeurithi ukimya wa zombi bila kurithi swali la nani aliyemnyamazisha. Hospitalini mazombi wamevaa nguo za wauguzi na za wagonjwa. Uwanja wa ndege una wapakiaji wake wa mizigo. Mavazi ni ya watu wa kazi, yametengenezwa kwa uangalifu, na hayana neno moja la kusema. Mwaka wa 2009 wakaguzi wa Australia waliikatalia kibali Left 4 Dead 2, mpaka toleo lililopunguzwa damu lilipoletwa; kibali cha toleo kamili kilipatikana 2014. Ubishi wote ulikuwa juu ya viungo vilivyokatwa. Lakini damu yaweza kufutwa kioo kikabaki safi, na mgonjwa akabaki vilevile kitu cha kulengwa shabaha.

Mmoja tu amevuka mpaka huo, naye ni Witch. Ni mwanamke aliyeketi gizani, amekunja magoti, analia. Kilio chake husikika kutoka mbali kabla hajaonekana, nacho ni kilio cha binadamu pasipo shaka. Asipochokozwa hamshambulii mtu. Akimulikwa kwa tochi au akikaribiwa mno huinuka, na pigo lake moja humwangusha mtu chini. Kwa hiyo wachezaji huzima tochi, huacha kupiga risasi, nao wahusika hunong’ona. Kwa dakika moja kila kitu kimegeuka: zombi ndiye mwenye huzuni yenye sauti, na watu ndio waliofunga midomo wakanyata ukutani. Silika ya kibinadamu ni kumwendea aliaye, na mchezo huua watu kwa silika hiyo. Hapana mahali pengine ambapo wabunifu wamemfanya mchezaji aone haya kwa kupita.

Kuna namna ya kucheza ambayo makundi mawili hushindana, wanne wakiwa binadamu na wanne wakiwa mazombi. Hapo nadharia yote ya mchezo huvunjika kwa furaha. Mazombi wasiosema sasa wana wachezaji ndani yao, nao hushauriana kwa vipaza sauti: nani aruke kwanza, nani avute kwa ulimi, wakae wapi. Binadamu hawawasikii, husikia kikohozi na mgurumo tu. Yaani wale viumbe waliodhaniwa hawana lugha wana lugha, ila haipiti ukutani. Yamkini watungaji hawakukusudia maana hiyo. Aliyepata kuchukuliwa kuwa bubu kwa sababu tu lugha yake haikueleweka na wenye bunduki ataiona bila kuonyeshwa.

Mwezi wa Oktoba 2010 ilitolewa sehemu iitwayo The Sacrifice, yaani kafara, nayo ndiyo kilele cha kazi hii. Wale wanne wamefika bandarini, na daraja huinuliwa kwa jenereta tatu. Daraja likiwa juu nusu, mashine hukwama. Mmoja lazima aruke chini kwenda kuiwasha, na ashukaye hapandi tena. Mchezo haumteui mtu. Wala hapana sanduku la dawa, wala mlango wa kufunguliwa baadaye. Umbo la kuokoana, ambalo mchezaji amefundishwa kwa saa nyingi, limefikishwa mahali ambapo mmoja huokoa na hawezi kuokolewa. Wanne husimama juu ya daraja, mazombi wakija, na kwa mara ya kwanza hapana neno lililorekodiwa litakaloamua. Ni lazima mchezaji, mtu mzima au kijana aliyeketi chumbani kwake, aseme kwa kinywa chake kwamba anashuka. Wengine hushuka bila kusema. Wote wakinyamaza bila kushuka, huliwa wote.

Katika hadithi iliyothibitishwa na Valve aliyeshuka ni Bill. Wapenzi wa mchezo walikwisha kujua kifo chake miezi kadhaa kabla, kwa maana katika sehemu ya The Passing, iliyotolewa Aprili 2010, wahusika wa mchezo wa pili hufika mahali hapo na kuikuta maiti yake karibu na jenereta, bunduki ikiwa kando. Juu ya daraja Francis, Zoey na Louis wanaendelea kuzungumza na wageni, wakitaniana na kupigizana kelele.