Ubora na Udhaifu wa Ndege za Kivita za Ujerumani katika Kumbukumbu za Adolf Galland: Uhakiki

Kumbukumbu za Adolf Galland, Die Ersten und die Letzten, zilizochapishwa mwaka 1953, zimetegemewa sana na waandishi wa historia ya vita vya angani. Galland alirusha Messerschmitt Bf 109 katika mapambano ya mwaka 1940, kisha akawa mkuu wa marubani wa ndege za kivita hadi alipoondolewa mapema mwaka 1945. Uhakiki huu unahoji iwapo shahidi huyu anazipima ndege zote kwa mizani ileile. Tunaona kwamba hafanyi hivyo.

Anapoisimulia Bf 109, Galland ni mwadilifu. Ndege hiyo ilikuwa na faida ya wazi: mafuta yalisukumwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo rubani aliweza kuinamisha pua ghafla na kuporomoka, ilhali injini ya Spitfire ya wakati huo, iliyotumia kabureta, ilikosa mafuta kwa muda katika mwinamo kama huo. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa masafa. Juu ya London ilimudu dakika chache tu kabla ya kulazimika kurudi Ufaransa. Hata ombi lake maarufu kwa Göring, kwamba kikosi chake kipewe Spitfire, Galland analieleza vizuri: aliipendelea Bf 109, ila aliudhiwa na amri ya kuambatana na ndege za mabomu kwa karibu, kazi iliyohitaji ndege nyepesi kugeuka. Wanaolinukuu ombi hilo kama ungamo la udhaifu wa Bf 109 hawakulisoma katika muktadha wake.

Mizani hiyo inapotea tunapofika kwenye Me 262. Ndege hii ya jeti, iliyofikia kasi ya takribani kilomita 870 kwa saa na kubeba mizinga minne ya milimita 30, inasawiriwa kama silaha iliyoharibiwa na amri ya Hitler ya kutaka itupe mabomu. Amri hiyo ilikuwapo, na ilikuwa ya kipumbavu. Hata hivyo, haitoshi kueleza ucheleweshaji. Injini ya Jumo 004 ilibuniwa upya ili kupunguza nikeli na kromi, madini yaliyokuwa adimu Ujerumani. Vyumba vya mwako vilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Uzalishaji wake haukushika kasi kabla ya katikati ya 1944, na injini iliyokamilika ilidumu kwa kawaida kati ya saa 10 na 25. Rubani aliyeongeza mafuta kwa pupa aliweza kuizima au kuiunguza. Hakuna amri ya mabomu iliyosababisha hayo.

Zaidi ya Me 262 1,400 ziliundwa, nyingine kwa kazi ya kulazimishwa ya wafungwa wa kambi ya Gusen, na sehemu ndogo tu ilifika mapambanoni. Ushahidi mzito dhidi ya hoja ya Galland unatoka katika kikosi chake mwenyewe, JV 44, karibu na München mwaka 1945. Jeti zake zilipotua zilikuwa nzito kuongeza kasi na rahisi kushambuliwa, hata ikabidi zilindwe na Focke-Wulf Fw 190 D, ndege za injini ya pistoni ambazo jeti hizo zilikusudiwa kuzipita.