Panki Kutoka Angani, Antena Uani Cibitoke

Chaneli ya redio inayopiga panki peke yake, usiku na mchana, haiwezi kujilipa katika mji mmoja. Wapenzi wa magitaa yanayokwaruza na nyimbo za dakika mbili hawatoshi kulipia hata umeme wa mtambo wa FM. Bujumbura hawatoshi, na hata Chicago nina shaka. Setilaiti ndiyo iliyogeuza hesabu hiyo, kwa kuwakusanya wachache wa kila mji, bara zima, hadi wakawa wateja wa kutosha. Ndivyo kampuni ya XM ya Marekani, iliyoanza kutangaza mwaka 2001, ilivyoweza kuipa panki chaneli yake, Fungus, nambari 53.

Afrika tulitangulia. AfriStar, setilaiti ya kampuni ya WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa Oktoba 1998. Chaneli ya panki haikuwa nayo, ila mtambo ungeibeba. Tuupimie Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura.

AfriStar ilikaa juu ya ikweta, nyuzi 21 mashariki. Bujumbura iko nyuzi 29 mashariki na nyuzi 3 na ushei kusini. Piga hesabu: setilaiti inakuwa kwenye kimo cha nyuzi 79 hivi, karibu utosini, imeinamia kidogo upande wa Kongo. Milima ya Uvira haifiki huko. Mtu wa New York, akiitafuta setilaiti ya XM iliyokuwa nyuzi 85 magharibi, anainua antena nyuzi 42 tu, na maghorofa yanamkinga. Ndiyo sababu XM ilijenga mamia ya mitambo ya ardhini ya kurudia mawimbi. Cibitoke isingehitaji hata mmoja.

Utosini nako kuna adha yake. Mawimbi ya megahezi 1,480 hivi hayapenyi bati, na antena ukiiweka dirishani inaona upenu, haioni mbingu. Dawa ni kuitoa uani, uilaze chali, kisha uvute waya hadi ndani.

Halafu kuna biti. WorldSpace iligawa nafasi kwa vipande vya kilobiti 16 kwa sekunde: kimoja kilitosha mazungumzo, muziki wa stirio ukataka vinne. Sauti ilibanwa kwa mbinu ya MP3, inayotupa kile ambacho sikio halitakikosa. Msomaji wa habari ana mengi ya kutupwa. Panki karibu haina: gitaa lililovurugwa na matoazi yasiyonyamaza hujaza masafa yote kwa pamoja, na ukiyabana mno yanachemka kama mafuta ya maandazi. Muziki unaojivunia kutengenezwa kwa bei ya chini, kumbe ndio unaokula biti!

Mawimbi hayakuiangusha WorldSpace. Vipokezi vilikuwa ghali na waliolipia walikuwa wachache. Oktoba 2008 ikaomba kinga ya kufilisika. Mwezi uliofuata, baada ya XM kuungana na kampuni nyingine ya redio ya setilaiti, Sirius, Fungus nayo ikafutwa.

Leo kijana wa Cibitoke anapata panki kwa simu. Mkondo wa kilobiti 64 unameza megabaiti 29 hivi kwa saa, na kila msikilizaji anazilipia mwenyewe. AfriStar, hata wakiongezeka wasikilizaji elfu kumi, haikuongeza biti hata moja.