Sahani Inayoteleza na Tani Zinazohama

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Kigali likishaipita Dodoma huingia Singida kwa upande wa Manyoni, kwenye kituo cha ukaguzi wa pamoja cha Muhalala. Mbele kuna mizani ya Njuki, na baada ya Misigiri kuna mteremko wa Sekenke unaoshuka kuelekea Shelui. Katika kipande hiki cha barabara, dereva wa semi tela anaweza kuwa na mzigo halali kabisa kwa jumla na bado akazuiwa, kwa sababu tani zimelemea ekseli zisizostahili. Wakati mwingine kifaa cha kurekebisha hali hiyo anacho tayari, nyuma ya kebini yake, na hajawahi kukigusa tangu anunue gari.

Kifaa chenyewe ni ile sahani ya chuma inayopokea kingipini (pini iliyo chini ya pua ya tela), ambayo mafundi wengi huiita fiftiwili. Kwenye vichwa vingi, yaani magari yanayovuta tela, imefungwa kwa bolti mahali pamoja. Lakini baadhi ya vichwa, hasa vilivyotumika Ulaya kabla ya kuletwa kwetu, vina sahani iliyokaa juu ya reli mbili zenye meno. Ukifungua pini zake, kwa mkono au kwa swichi ya upepo ndani ya kebini, sahani huteleza mbele au nyuma, kisha hujifunga kwenye jino jingine.

Tuanze na sheria, kwa kuwa hesabu yote inatoka humo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa zenye matairi manane, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye matairi 12. Jumla ni tani 50. Kila kundi linasimama peke yake. Nafasi iliyobaki kwenye tela haifidii ziada iliyo kwenye kichwa.

Sasa tuchukue lori lililopakia saruji, ambalo mizani inasoma tani 6.5 mbele, 18.5 kwenye ekseli za nyuma za kichwa na 23.4 kwenye tela. Jumla ni tani 48.4, chini ya kiwango. Hata hivyo ekseli za nyuma za kichwa zimezidi kwa nusu tani. Nusu tani inaonekana ndogo, lakini majaribio ya barabara yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwaonyesha wahandisi kwamba uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa hesabu hiyo, 18.5 badala ya 18 ni uharibifu wa ziada unaokaribia asilimia 12, kila safari, juu ya barabara ileile inayobeba alizeti na vitunguu vya Singida kwenda sokoni.

Hapo ndipo sahani inapofanya kazi. Uzito wa tela unaokalia kingipini hugawanywa kati ya ekseli ya usukani na ekseli za nyuma za kichwa, sawasawa na watu wawili wanaobeba ndoo iliyoning'inizwa kwenye mti: aliye karibu na ndoo ndiye anayeumia zaidi. Ukisogeza sahani mbele, ekseli ya usukani inaongezewa na zile za nyuma zinapumua. Ukiirudisha nyuma, mambo yanageuka.

Ni kiasi gani kinahama? Kichwa kitupu tuseme kina tani 9. Mizani ilisoma 6.5 na 18.5, yaani 25, kwa hiyo kingipini imekaliwa na tani 16. Kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile mbili za nyuma ni mita 4. Dereva anataka kuhamisha tani 0.8 ili abaki na akiba kidogo. Anazidisha 0.8 kwa 4, anagawanya kwa 16, anapata mita 0.2, yaani sentimita 20. Kama meno ya reli yake yameachana kwa milimita 50, hayo ni meno manne. Ekseli ya usukani itapanda hadi tani 7.3, za nyuma zitashuka hadi 17.7. Kila jino moja limehamisha kilo 200.

Kuna imani moja inayowagharimu madereva muda mwingi barabarani: kwamba sahani inaweza kupunguza uzito wa ekseli za tela. Haiwezi. Kingipini haijahama kwenye tela lenyewe. Umbali wake hadi matairi ya tela ni uleule, na mzigo uko palepale. Kama mizani ingesoma tani 25 kwenye tela, dawa ingekuwa kufungua turubai na kusogeza mifuko mbele, au kuishusha. Anayehangaika na sahani katika hali hiyo atapoteza saa nzima na mizani itasoma namba ileile.

Zoezi lenyewe lianze na tela tupu, uwanja ukiwa tambarare na mgumu, kichwa na tela vikiwa vimenyooka. Funga breki ya tela, kwa kuwa ndilo linalobaki limesimama huku kichwa kikisogea chini yake. Teremsha miguu ya tela mpaka iguse ardhi na kupokea uzito kidogo tu, bila kulinyanyua tela. Fungua pini, kisha kwa gia ya chini kabisa rudisha kichwa nyuma polepole kama unataka sahani iende mbele. Pini zikikataa kuachia, usikanyage mafuta kwa nguvu. Sogea kidogo mbele na nyuma ili kupunguza mbano kwenye meno. Utingo asimame pembeni anapoonekana kwenye kioo, kamwe asikae kati ya kebini na tela. Pini zikishajifunga, dereva ashuke akague pande zote mbili kwa macho yake, kisha anyanyue miguu na kuvuta taratibu huku breki ya tela ikiwa bado imefungwa.

Kabla ya hapo kuna kipimo ambacho wengi hukiruka. Ukisogeza sahani mbele sentimita 20, pengo kati ya kebini na tela linapungua kwa sentimita 20. Lori likiwa limenyooka pengo linaonekana linatosha, lakini kwenye kona ni pembe ya tela inayoizungukia kebini. Pima kutoka kingipini hadi pembe ya mbele ya tela, ulinganishe na umbali kutoka kingipini hadi nyuma ya kebini, mabomba na mipira ya upepo ikiwemo. Cha pili lazima kizidi cha kwanza, tena kwa nafasi ya kutosha, maana kwenye matuta ya vijijini pua ya tela hucheza. Kwa upande wa pili, sahani ikirudi nyuma, matairi ya kichwa huwa mbali zaidi na miguu ya tela lakini mipira ya upepo hukazika.

Sekenke inaongeza sharti lake. Dereva anayepanda kutoka Shelui na shehena nzito hutamani kurudisha sahani nyuma ili matairi yanayosukuma yashike lami vizuri. Akipita kiasi, ekseli ya usukani inakuwa nyepesi, na usukani mwepesi kwenye kona za mlima ni hatari kuliko gari kukosa nguvu. Mimi ningebaki kati ya tani 7 na 7.5 mbele, nikipanda au nikishuka.

Vumbi la kiangazi huku kati, kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, likichanganyika na grisi kuukuu husaga reli na meno. Safisha kwanza, ndipo upake grisi mpya. Kuichomelea sahani isisogee tena kwa sababu meno yameanza kulika ni kosa: joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kinachobeba tani 16, na gari linapoteza kifaa ambacho mwenye gari alishakilipia.

Akishapimwa mara ya pili, dereva aandike kwenye daftari lake: saruji, jino la nne, 7.3 na 17.7. Safari ijayo akipakia nondo, ambazo uzito wake hukaa kwingine kabisa kwenye tela, namba hizo hazitamfaa. Aanze upya na karatasi ya mizani.